Kompyuta ya Mume Wetu

Sogea hapa nikutegee kimoja, wala usikimbilie kujibu. Mgeni wangu amekuja na kitanda chake, na chungu chake, na maji yake ya kuoga. Amekaa sebuleni kwangu mchana kutwa, kafanya kazi zake, kacheka na watoto. Alipoondoka hakuacha hata alama ya unyayo mlangoni, na kabati langu hakuligusa. Ni nani huyo?

Umesema kivuli. Siyo, kivuli hakina chungu. Umesema upepo. Upepo ungeniachia vumbi. Basi tulia, jibu liko njiani linakuja. Hata Jenoveva wa Butiama, ambaye kwa vitendawili hakuna aliyemweza kijijini kwao, hiki alikuja kukijua akiwa na mvi kichwa kizima.

Huyo Jenoveva alikuwa mjane. Mume wake, Isidori, alikuwa katekista, mtu wa njia. Leo yuko Murangi kwa wagonjwa, kesho amepanda boti kwenda Rukuba kusali na wavuvi, siku nyingine utasikia ameonekana Nyamuswa na baiskeli yake. Na kila alikokwenda alikuwa na kinasa sauti kidogo mfukoni. Sala ikiisha anawaambia wazee, "Haya, sasa nitegeeni." Akirudi nyumbani ananuka samaki na moshi, ameshika furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye kifurushi, na mfukoni ana sauti za watu.

Sauti hizo alizihamishia kwenye kompyuta, ile ya kufungua na kufunga kama kitabu, ambayo parokia walimpa walipopata mpya. Alikuwa anagonga herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Jenoveva akipita anamwambia, "Mwarimu, ugari umeiva." Isidori anajibu, "Nakuja," na haji.

Nikwambie kabisa: R na L kwa Jenoveva zilikuwa kitu kimoja. Ndivyo kinywa cha kwao kilivyo, na cha Isidori kilikuwa hivyo hivyo. Sitakuandikia kila mahali alipoteleza, utachoka. Wewe jua tu ipo.

Isidori alipofariki, kompyuta iliingia kabatini ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Jenoveva hakuwa na moyo wa kuigusa. Na moyo ulipokuja kupata nguvu, mashine ikakataa. Ukiibonyeza inawaka, inazungusha kiduara chake, inazungusha, inazungusha, halafu kimya. Maneno ya Isidori Jenoveva alikuwa nayo yote kichwani. Kilichomtisha ni kwamba mlio wenyewe wa sauti yake ulikuwa umeanza kumponyoka. Alikuwa anakumbuka alichosema mume wake, ila sasa anamsikia akikisema kwa sauti yake yeye Jenoveva.

Mjukuu wake, Debora, ndiye aliyekuwa anaishi naye. Amemaliza kidato cha sita, mrefu, mcheshi, ana vidole havitulii. Wenyewe walikuwa wanaitana mke mwenza, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, na marehemu babu walimwita mume wetu.

Siku moja Debora akaja na habari, kapata nafasi Musoma, kwenye kituo wanakofundisha vijana kutunza kompyuta za maofisini. Masharti yalikuwa kila mmoja aje na kompyuta yake, na awe ameshaanza kujua kuiamuru kwa maandishi, kwenye skrini nyeusi isiyo na picha za kubonyeza.

"Kompyuta yenyewe unayo?" Jenoveva akauliza, ingawa alishajua mazungumzo yanaelekea wapi.

"Iko ya mume wetu."

"Ile ni mgonjwa."

"Gody wa Bunda anasema inatibika. Bibi, nikishaitibu, naenda nayo Musoma, au naiacha?"

Jenoveva akainuka kwenda kuangalia kuku, na kuku walikuwa hawana shida yoyote.

Gody alikuwa na duka la kutoa kopi na kutengeneza kompyuta pale Bunda, karibu na stendi. Alifundishwa komunio ya kwanza na Isidori, kwa hiyo simu alipokea kwa heshima. "Bibi Jeni, ziko njia mbili," alisema. "Ya kwanza nifomati. Hapo inakuwa mpya, ila kila alichoweka mzee kinafutika."

"Hiyo usiitaje tena."

"Ya pili tunaiwasha laivu. Njooni Jumamosi."

Laivu! Hilo neno Jenoveva alikuwa analijua vizuri. Harusi ya mtoto wa dada yake ilirushwa laivu kutoka Mwanza, na watu wa Butiama wote waliona ni nani alikwenda kuchukua chakula mara ya pili. Jumamosi asubuhi Debora akamkuta bibi yake amevaa sare ya Wanawake Wakatoliki, kilemba kimefungwa kikasimama, mkufu wa rozari shingoni, na mafuta usoni yanang'aa.

"Mke mwenzangu, tunakwenda kwenye kipaimara?"

"Si amesema ni raivu? Watu wataniona nimekaa kama niliyetoka kupalilia?"

Debora alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Walipita Nyamuswa wakashika basi la Bunda, na njia nzima, kila akimtazama bibi yake, kicheko kinaanza upya. Gody naye alipoelezwa alilazimika kutoka nje ya duka kwanza.

Aliporudi akajifuta macho, akachukua flashi moja mezani. "Bibi, laivu ya kwetu ni nyingine. Unaona, kompyuta ya mzee ina diski ndani, ndiyo kabati lake. Kule ndiko ameweka vitu. Mfumo wa kuiendesha umeharibika, kabati lenyewe ni zima. Sasa humu kwenye hii flashi kuna mfumo mwingine mzima, unaitwa Linux. Unakuja na kila kitu chake. Unaiwasha mashine kutokea hapa, unafanya kazi, ukizima umeondoka. Kabati haliguswi."

Umepata jibu lako? Jenoveva alilipata hapo hapo. Aliigeuzageuza ile flashi, ndogo kama kipande cha mchembe, kile kiazi kilichokaushwa. "Mgeni," alisema, "anayekuja na chungu chake."

"Ndiye huyo."

"Basi mlete tumwone."

Kumbe wageni wenyewe walikuwa wengi, wa ukoo mmoja wa Linux, kila mmoja na tabia yake. Gody akachomeka wa kwanza, anaitwa Mint. Akafunguka na picha ya kijani nzuri, na madirisha, na vitufe vya kila rangi. Lakini mashine ya Isidori ikaanza kuhema. Feni ililia kama inakoboa mpunga.

"Huyu mnene," Jenoveva akasema.

"Kosa siyo lake, Bibi. Mashine yenu ni mzee, kumbukumbu yake ni ndogo."

Wa pili alifunguka upesi kabla Jenoveva hajamaliza kukaa sawa kwenye kiti. Debora akapiga makofi. "Huyu mwepesi! Anaitwa nani?"

"Puppy."

"Ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Kijibwa," Debora akajibu kwa sauti ndogo, akijua kinachofuata.

"Kijibwa! Mbwa kwangu analala nje. Tangu lini nimemwingiza mbwa chumbani kwa mume wetu?"

"Jamani, Bibi, ni jina tu," Gody akamtetea mgeni wake. "Ni mzuri sana kwa mashine nzee. Ila ukweli niuseme. Ukizima anakuuliza kama akuhifadhie kazi yako, na wapi. Ukijibu bila kusoma unaweza kumwambia aweke kwenye diski ya mzee."

Debora akaacha kupiga makofi. "Mimi nabonyezaga haraka," alisema. Alijua vidole vyake.

Wa tatu alipowashwa, maandishi meupe yalishuka mbio kwenye weusi, yakashuka, yakasimama. Kikabaki kimstari kinapepesa.

"Imekufa," Jenoveva akasema, na mkono ukamwenda kifuani.

"Haijafa, inasubiri uiamuru. Huyu nimemleta bila picha, bila madirisha. Anaitwa Debian."

"Deb nani?"

"Debian. Wanasema nusu ya jina ni ya mwanamke mmoja, Debra."

Jenoveva akamgeukia mjukuu wake kwa macho ya ushindi, kama mtu aliyekuta ndugu kwenye msiba wa mbali. "Debora! Si wewe huyu?"

Debora alitabasamu, lakini aliendelea kutazama kile kimstari. "Siyo kwa sababu ya jina, Bibi," alisema. "Kule kwenye picha nitakimbilia picha. Najijua. Hapa hakuna pa kukimbilia, lazima niandike. Na diski, Gody?"

"Hawezi kuifungua mpaka wewe umwamuru. Na ukimwamuru, unamwambia aifungue kwa kusoma tu. Ni kama kuchungulia dirisha lenye nondo. Unaona vyote, hutoi wala huweki."

"Nampa huyu," Debora akasema.

Basi wakarudi Butiama na mgeni wao kwenye pochi ya bibi, amefungwa kwenye leso.

Kila alasiri ilikuwa hivi: Debora na mashine kwenye meza nje ya jiko, Jenoveva kwenye mkeka na ungo wa maharage. Debora alimfundisha bibi yake majina ya amri ili awe anamtajia kama mwalimu wa imla.

"Pwd," Jenoveva anataja.

Debora anaandika. "Inaniambia niko wapi."

"Kwani mtu anasahau alipo?"

"Humu ni rahisi kupotea, Bibi. Ni chumba ndani ya chumba."

"Haya. Man."

"Hiyo unaandika na jina la amri nyingine, inakueleza kila kitu chake."

"Man siyo mwanaume?"

"Ni kifupi cha mwongozo kwa Kiingereza."

"Aa. Nilitaka kushangaa. Mwanaume anayeeleza kila kitu! Mume wetu ukimuuliza amelala wapi jana, anakutegea kitendawili."

Wakacheka. Halafu Jenoveva akarudi kwenye maharage yake. Alikumbuka jinsi Isidori alivyomwona mara ya kwanza, msimu wa pamba, amesimama na mzigo kwenye foleni ya mizani. Alimtegea kimoja pale pale mbele za watu. Jenoveva jibu alikuwa nalo, akalinyima. Alimpa msimu uliofuata, na baadaye kidogo wakaenda Musoma kupiga picha ya harusi. Upepo wa ziwa uliipeperusha shela ikamfunika bwana harusi uso mzima, na mpiga picha akabonyeza hapo hapo. Ndiyo picha waliyonayo ukutani mpaka leo, mke anacheka, mume hana sura.

"Bibi, nitajie."

"Rs."

Debora akaandika kama alivyoambiwa, kwa utundu. Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Imekataa, Bibi. Ni L. Ls."

"Si ndiyo nimesema? Rs."

"Umesema R."

"Mashine yenyewe inaringa. Imesoma bweni."

Jioni Debora akizima, yote aliyoandika yanapotea, kesho anakuta kimstari kile kile kama hawajawahi kuonana. Mwanzoni Jenoveva hakulipenda hilo. "Mgeni gani kila siku anakusahau?"

"Ndiyo nataka. Naandika upya mpaka vidole vishike."

"Na kule kwa mume wetu unaingia lini?"

"Nikijua kutembea, Bibi. Siendi kuvunja vyungu vya mzee."

Jenoveva alimtazama mjukuu wake kwa jicho jipya hapo. Swali la Musoma lilikuwa bado limesimama katikati yao kama mgeni asiyepewa kiti. Debora hakulirudia. Bibi naye hakuligusa. Usiku alikuwa anawaza: nikimpa, kabati linabaki tupu, naye ameondoka, wawili kwa mpigo. Nikimnyima, huyu mtoto ataketi kwa wenzake akiangalia mikono yao.

Jumamosi moja, ikiwa Jumatatu yake ndiyo Debora anatakiwa Musoma, alisema, "Leo." Jenoveva akaacha ungo, akaja kukaa karibu, mikono mapajani.

Debora akaiandika amri ya kufungua diski, akaisoma tena kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka aone yale maneno ya kusoma tu yapo. Akabonyeza. Akaandika ls. Skrini ikajaa majina ya vyumba vya Isidori.

"Uko ndani?" bibi akanong'ona, kama wako kanisani.

"Niko dirishani. Sasa, Bibi, vitu ni vingi mno. Nitamwambia mgeni atutafutie. Tutafute jina gani?"

"Vitendawiri."

Debora akaandika. Wakangoja. Hakuna kitu.

"Labda aliandika Babu. Au Sauti." Akajaribu Sauti, akajaribu Wazee, akajaribu Isidori. Zilitoka barua za parokia na ratiba za mafundisho, basi. Sauti hakuna hata moja. Debora akaanza kuuma kucha.

"Jaribu Rukuba. Alikuwaga anapenda sana Rukuba."

Hakuna.

Jenoveva akaisogelea skrini. Ina maana hakuziweka? Au alizifuta mwenyewe kwa kile kidole kimoja, na hakumwambia mtu? "Vitendawiri, Debora!" akasema, sauti imepanda. "Si nimekwambia tangu mwanzo, vitendawiri?"

"Nimeandika, Bibi."

"Hujaandika!"

Debora akamtazama, akaona machozi yanakaribia. Akatafuta mzaha wa kuyazuia. "Haya, mke mwenzangu, usinipige. Naandika kama unavyotamka." Akaandika polepole, kwa sauti, akiivuta ile herufi: "Vi-te-nda-wi-rrri." Akabonyeza huku anacheka.

Skrini ikajaa.

Vitendawiri Murangi. Vitendawiri Nyamuswa. Vitendawiri wavuvi. Vitendawiri nyumbani. Mstari juu ya mstari, mpaka ya juu yakapotea.

Kicheko kikamkatikia Debora kooni. "Babu naye!"

"Babu yako alizaliwa wapi, Ulaya?" Jenoveva akasema, na machozi yakatoka hata hivyo. "Aliandika alivyosema. Ungetaka aandike anavyosema nani?"

Debora akazinakili zote kwenye flashi nyingine, ile ya redio ya jikoni, akakagua kwamba zimefika. Akamzima mgeni, akamchomoa. Kabatini kwa Isidori hakuna kilichosogezwa.

Redio ikawekwa juu ya kinu. Kwanza yalikuja mawimbi na kelele za ndege, na mzee mmoja wa visiwani anatega huku anakohoa. Halafu Isidori akasema, "Ehee, umenishinda, nakupa mji." Jenoveva akaziba mdomo kwa kanga. Ndivyo ilivyokuwa! Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, ina mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayetaka kucheka na anajizuia.

Ile ya nyumbani waliisikiliza mwisho. Haikuwa na kitendawili. Kuku walikuwa wanalia, sufuria inagongwa.

"Jenoveva, inanasa. Hebu sema kitu."

"Niseme nini? Ugari unaungua."

"Sema jina rako."

"Jina rangu unarijua. Toka hapo jikoni."

Halafu wote wawili wakacheka, mwanaume na mwanamke, kicheko kirefu cha watu ambao hawajui kwamba kuna siku kitasikilizwa. Huyo mwanamke ana sauti laini, haina hata kikohozi. Jenoveva alishangaa. Alikuwa ameingia humo kumtafuta mmoja tu.

Aliirudia. Akairudia tena, na mara ya mwisho alicheka pamoja nao, akawa wa tatu.

Jumapili walipotoka kanisani Debora akaanza kupanga begi lake. Jenoveva alimwona kutoka mlangoni. Sketi zimekunjwa, viatu vimefungwa kwenye mfuko, flashi ya Debian iko kwenye kipochi cha kalamu. Kompyuta haikuwepo kitandani. Debora alikuwa ameirudisha kabatini, ameifunika vizuri.

"Huko Musoma utatumia nini?"

"Nitakaa karibu na mwenye nayo, Bibi. Nitaangalia anavyofanya. Zamu ikibaki nitaomba."

"Na mgeni wako utampokea kwenye nyumba gani?"

Debora akainua mabega, akaendelea kukunja shuka ambayo ilikwisha kukunjwa.

Jenoveva akaingia chumbani kwake. Alikaa huko kidogo. Jikoni redio ilikuwa inazungumza peke yake, Isidori anambishia mtu wa Nyamuswa juu ya jibu. Alipotoka alikuwa ameikumbatia kompyuta kwa mikono miwili kifuani, kama anavyobebwa mtoto anayepelekwa kubatizwa. Akaiweka ndani ya begi, katikati ya sketi, akazibana huku na huku isije ikagongwa njiani.

Debora akasimama na shuka mkononi. "Bibi?"

"Uliniuliza siku ile, nikaenda kuangalia kuku," Jenoveva akasema. "Nenda nayo. Mume wetu hakuwaga mtu wa kukaa ndani."